Naomba ushauri: niwaoneshe vijana wa Lindi filamu ipi ya dinosaria kabla ya kuwapeleka Tendaguru?

Mlezi wa Mtanda

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Lindi mjini, na baada ya saa za kazi ni mlezi wa kikundi cha vijana wa mtaani kwetu, wengi wao wakiwa na umri wa kati ya miaka 11 na 17. Likizo ijayo tumepanga kuwapeleka kwenye kilima cha Tendaguru, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria, na wazazi wamekwisha kukubali kuchangia nauli. Kabla ya safari nataka tukae jioni moja, tutazame filamu ya wanyama hao na kuijadili, ili vijana wafike kule wakiwa na maswali vichwani badala ya kufika, kupiga picha na kurudi. Ninachoomba ni ushauri wa filamu ya kuchagua, kwa sababu zile nilizozitazama karibuni hazilingani hata kidogo, ingawa zote ni za ukoo mmoja ulioanza na Jurassic Park ya mwaka 1993 na kufikisha filamu ya saba mwaka 2025.

Naanza na maoni yangu mwenyewe ili mjue nimesimama wapi. Ile ya kwanza, iliyoongozwa na Steven Spielberg, imenishangaza kwa subira yake. Filamu nzima ina zaidi ya saa mbili, lakini wanyama wenyewe wanaonekana kwa takriban dakika 15 tu, na katika hizo ni kama dakika 6 zilizotengenezwa kwa kompyuta. Zilizobaki ni masanamu makubwa yaliyoendeshwa kwa mitambo. Hata hivyo mtazamaji huwahisi muda wote. Kuna mahali gari linasimama uwandani, mtaalamu wa mimea ameshika jani na kulishangaa, naye mwenzake, aliyekwisha kuona kitu ambacho sisi bado hatujakiona, anavua kofia, anavua miwani, kisha ananyoosha mkono na kukigeuza kichwa cha yule mwanamke kama mtu anayefungua mfuniko. Baada ya hapo ndipo tunaoneshwa Brachiosaurus, yule dinosaria mla majani mwenye shingo ndefu, akipita. Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi, na bado sijaichoka.

Ile ya mwaka 2018, Jurassic World: Fallen Kingdom, nusu yake ya kwanza ni nzuri. Volkano inalipuka kisiwani, watu wanakimbilia meli, na Brachiosaurus mmoja anabaki gatini akilia huku moshi ukimfunika. Baada ya hapo hadithi inahamia ndani ya jumba la kifahari ambako dinosaria wanapigwa mnada, na kwa maoni yangu filamu inafia humo. Sisi tuliozoea minada ya korosho, ambako wakulima wasiporidhika na bei huikataa, tutabaki tukijiuliza ni mnada gani ule ambao mwenye mali hana kauli.

Ya mwaka 2022 sitaizungumza sana. Nilikaa kutazama dinosaria, nikaletewa nzige.

Ya mwaka 2025, Jurassic World Rebirth, nimeipenda kuliko nilivyotarajia, hasa pale wasafiri wanapowakuta Titanosaurus kwenye nyasi ndefu, na yule mtaalamu anapomgusa mmoja wao kwa kiganja huku machozi yakimlenga. Lakini mwishoni wamemleta mnyama wa kutengenezwa maabara, mwenye kichwa kilichovimba, ambaye sikuelewa kazi yake isipokuwa kutisha.

Maswali yangu basi ni haya: nichague ipi, na je, niwaoneshe ikiwa katika Kiingereza chake au nitafute nakala iliyotafsiriwa na wale jamaa wa kusimulia juu ya picha? Vijana wengi Kiingereza chao ni cha darasani tu, na maandishi ya chini yanapita haraka.

Mwenye Banda Magomeni

Mwalimu, heshima yako. Mimi ninaendesha banda la video hapa Mtwara kwa muda mrefu, na kazi yangu imenizoesha kutazama watazamaji kuliko kuitazama filamu. Nikikuambia nilichokiona, hiyo ya mwaka 1993 inawapoteza vijana katika saa yake ya kwanza. Watu wazima wanazungumza mezani, wanazungumza maabara, wanazungumza garini, na wateja wangu wanatoka nje kununua mihogo. Wanarudi mbio mvua inapoanza kunyesha na uzio kukatika, na kuanzia hapo hatoki mtu. Sasa vijana wako wamekulia kwenye simu, ambako kila kitu kinakwisha kwa dakika moja. Utawashika vipi katika ile saa ya kwanza? Ndiyo maana mimi ningekushauri uchukue hiyo ya mwaka 2025. Inaanza na balaa, ina mashua inayopinduliwa baharini, na vijana wa pwani kama wetu, ambao baba zao wanalala kwenye maji, hawahitaji maelezo ili waelewe hofu ya chombo kupinduka.

Kuhusu tafsiri, nitasema kitu ambacho huenda kikawaudhi wenzangu wa mabandani. Wasimuliaji wetu wana kipaji kikubwa. Hawatafsiri tu, bali wanaeleza, wanatania, wanawapa wahusika majina ya mtaani, na filamu ya kivita au ya Kihindi inanoga maradufu. Filamu hizi, hata hivyo, zimejengwa juu ya ukimya. Pale ambapo maji yanatikisika kwenye glasi ndani ya gari, kabla ya yule Tyrannosaurus, dinosaria mkubwa mla nyama, kutokea, kinachotisha ni kishindo cha mbali na watu kunyamaza. Nakala niliyonayo, msimuliaji anajaza nafasi hiyo kwa maneno, na kishindo hakisikiki. Ushauri wangu ni kwamba uioneshe katika lugha yake, uwe na rimoti mkononi, usimamishe panapohitajika na uwaeleze wewe mwenyewe kwa sentensi mbili tatu, kisha uendelee. Usimamishe wakati wa mazungumzo, usithubutu kusimamisha wakati wa mbio.

Jambo la mwisho ni spika. Projekta ya kuazima na shuka jeupe vinatosha kabisa, lakini usiwawekee sauti ya kompyuta mpakato. Hatua za yule mnyama husikika tumboni kabla ya masikioni.

Mzee wa Mingoyo

Mwalimu, mimi ni mtu mzima na filamu hizi nimeletewa na wajukuu, hivyo maoni yangu ni ya mtu aliyekaa pembeni ya mkeka. Hata hivyo nimezitazama kwa makini, kwa sababu habari ya Tendaguru nimeisikia tangu utotoni na kila nikiona mfupa kwenye skrini nauliza umetoka wapi.

Hakuna aliyeitaja ile ya pili, The Lost World ya mwaka 1997. Kwa usanii haifikii ya kwanza. Ina watu wengi mno na sehemu ya mwisho imepachikwa. Lakini sehemu hiyohiyo iliyopachikwa ndiyo iliyonifanya niketi wima, kwani humo kampuni inamkamata Tyrannosaurus kisiwani, inampakia melini na kumpeleka San Diego ili watu walipe kiingilio kumtazama. Mtoto wa Lindi atakayeona meli hiyo ikiingia bandarini hatakosa la kusema, ikiwa atakuwa ameelezwa mapema kilichopita katika bandari yake mwenyewe.

Maana historia yenyewe ni hii. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani aitwaye Bernhard Sattler aliona mifupa mikubwa pale Tendaguru, na kuanzia mwaka 1909 hadi 1913 jumba la makumbusho la Berlin likaendesha uchimbaji chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Vita vya Majimaji vilikuwa vimekwisha miaka michache tu kabla, na nchi yetu ya kusini ilikuwa bado inauguza njaa na vifo. Waliochimba walikuwa mamia ya vibarua wa huku, wakisimamiwa na mtu wa huku pia, Boheti bin Amrani, ambaye jina lake limo katika kumbukumbu za msafara huo. Mifupa ilifungwa mizigo, ikabebwa vichwani kwa mwendo wa siku kadhaa hadi Lindi mjini, ikapakiwa melini. Zaidi ya tani 200 ziliondoka kwa njia hiyo. Mwaka 1937 mjusi wetu mkubwa akasimamishwa Berlin, na mpaka leo yupo, kimo chake kikizidi mita 13.

Ndiyo sababu kuna sehemu moja katika filamu ya kwanza ambayo inanichekesha. Wataalamu wako jangwani Marekani, wamepiga magoti, wanapiga brashi, na mnyama mzima anatokea mchangani akiwa amekamilika kama aliyelazwa jana. Halafu wanaleta mtambo, wanapiga kishindo ardhini, na picha ya mifupa inajitokeza kwenye kioo. Hakuna anayebeba kitu. Hakuna hata mmoja aliyetoka jasho la maana. Sisemi kwamba filamu ilipaswa kuonesha wapagazi wa Kimwera, kwa kuwa haikuwa hadithi yao, lakini vijana wako watakapofika kileleni na kuona pori tupu, swali la kwanza litakuwa mifupa iliondokaje hapa bila barabara. Filamu haitawajibu hilo. Utawajibu wewe, na ingefaa uwajibu kabla ya kuzima taa.

Kwa hiyo, ukiniuliza mimi, waoneshe ya kwanza yote, kisha kipande cha meli cha ile ya pili, basi.

Bint Shangani

Shikamoo Mzee, na heshima kwako Mwalimu. Mimi ninasoma jiolojia na niko nyumbani Mtwara kwa likizo. Ninaunga mkono filamu ya mwaka 1993, na nina sababu moja ambayo bado haijasemwa.

Brachiosaurus alipewa jina hilo mwaka 1903 na Elmer Riggs, kutokana na mifupa iliyopatikana Colorado, Marekani, ambayo haikuwa kamili. Mwaka 1914 Janensch aliiweka mifupa ya Tendaguru katika jamii hiyohiyo, na kwa kuwa yetu ndiyo iliyokuwa kamili zaidi, wachoraji na watengenezaji wa masanamu kwa miongo mingi walimchora Brachiosaurus kwa kumtazama mjusi wa Lindi aliyeko Berlin. Baadaye wataalamu walianza kuona tofauti. Jina Giraffatitan lilipendekezwa mwaka 1988, na uchambuzi wa mwaka 2009 ukalitia nguvu, hivyo leo wengi wanawahesabu kuwa wanyama wawili tofauti. Lakini filamu ilitengenezwa kabla jina hilo halijakubalika na wengi. Yule anayepita mbele ya gari, ambaye Mwalimu amemweleza vizuri, amechukua sehemu kubwa ya umbo lake kwenye mifupa iliyobebwa vichwani hadi bandarini kwenu. Titanosaurus wa mwaka 2025 anapendeza, mikia yao mirefu mithili ya mijeledi inapendeza zaidi, lakini si jirani yetu.

Pia ningependa vijana waambiwe mahali filamu inapotia chumvi, na wafanye kazi ya kupatafuta wao wenyewe, kwani watatazama kwa makini zaidi. Brachiosaurus wa filamu anasimama kwa miguu ya nyuma kufikia majani, jambo ambalo kwa mnyama wa umbo lake, aliye mzito kwa mbele, wataalamu wengi wanalitilia shaka. Anatafuna kama ng'ombe, ilhali meno yake yalikuwa ya kukwanyua majani na kuyameza. Wale Velociraptor wanaofungua milango wamekuzwa kupita kiasi. Wa kweli walikuwa na uzito wa bata mzinga mkubwa, tena na manyoya. Na kutoa vinasaba kwenye mbu aliyeganda ndani ya kaharabu, yaani utomvu wa mti uliogeuka jiwe, kama wanavyofanya katika filamu, haiwezekani, kwa sababu vinasaba huvunjika na kwisha muda mrefu kabla ya kufikia mamilioni hayo ya miaka.

Lililo zuri kuliko yote ni hesabu ya muda. Wanyama wa Tendaguru waliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita, na Tyrannosaurus alitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Piga hesabu uone: huyo adui wa filamu yuko karibu zaidi na sisi kuliko alivyo na mjusi wa Lindi. Kuwaweka katika bustani moja ni ruhusa ya msanii. Niliwahi kuwaambia wadogo zangu hivyo, wakadai nimekosea kutoa.

Mlezi wa Mtanda

Nashukuru sana. Bint Shangani, sababu yako ya umbo la Brachiosaurus imenitoa katika mashaka makubwa. Mwenye Banda, nakubaliana nawe kuhusu ukimya, ingawa sikubali kwamba vijana hawana subira. Nadhani hawajapewa kitu cha kusubiri. Nikiwaambia kwamba anayekuja ni mtu wa kwao, hiyo saa ya kwanza itakuwa na maana nyingine.

Kinachonisumbua sasa ni wale wadogo wa miaka 11 na 12. Kule Marekani filamu hii iliwekwa daraja la kuwatahadharisha wazazi wenye watoto wa chini ya miaka 13.

Mama Ng'apa

Mwalimu, tahadhari hiyo usiipuuze. Mimi sina habari za visukuku, nina habari za watoto. Wangu alitazama ile ya kwanza kwa jirani, na baada ya hapo kwenda jikoni usiku ikawa vita, kwa sababu ya sehemu ile ambayo ndugu wawili wanajificha nyuma ya makabati ya jiko huku wale wanyama wakigongagonga kucha sakafuni. Tyrannosaurus hakumtisha hata kidogo, alimwona mkubwa mno kuingia nyumbani kwetu. Kilichomtisha ni kile kinachoweza kupita mlangoni. Kuna pia mkono wa mtu unaoanguka begani mwa yule mama kwenye chumba cha mitambo, ambao hata mimi niliuruka.

Ushauri wangu ni kwamba wadogo watazame mpaka pale watoto wanapolala juu ya mti na kuwalisha Brachiosaurus asubuhi, kisha waende nyumbani. Wakubwa wabaki.

Mwenye Banda Magomeni

Mama, kwa heshima zote, kukata filamu katikati ni kuwatuma watoto wakaitafute wenyewe kwenye simu usiku huohuo, bila mtu mzima pembeni. Hilo nimeliona. Afadhali wasianze kabisa.

Mama Ng'apa

Wangu hana simu. Na akiondoka akiwa amemwona mnyama akipiga chafya usoni mwa yule binti, ataondoka akicheka. Huo ni mwisho unaotosha kwa mtoto wa miaka 11.

Afisa Mstaafu Nachingwea

Niongeze la utaratibu, kwa kuwa limesahaulika. Kuonesha filamu hadharani kunaongozwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976, na jambo hilo haliwi la nyumbani kwa sababu tu hakuna kiingilio. Fika ofisi ya utamaduni ya halmashauri mapema, eleza ni shughuli ya elimu, ni vijana wangapi na ni wapi, uandike barua. Suala la hakimiliki nalo waulize hapohapo, na usiioneshe kwa nakala ya kuchomwa mtaani. Utakuwa unawafundisha vijana kuuliza nani alichukua mali ya nani huku ukitumia mali ya mtu. Mkifika Tendaguru, waambieni mapema kwamba hakuna kuokota mfupa wala jiwe kama ukumbusho.

Mlezi wa Mtanda

Nimekusanya yote na nimeamua hivi, isipokuwa kama kuna mwenye pingamizi zito.

Tutaonesha Jurassic Park ya mwaka 1993 katika lugha yake, nami nitakuwa na rimoti. Kabla ya kuanza nitawaeleza habari za wapagazi na Boheti bin Amrani kama Mzee wa Mingoyo alivyoziandika, na nitawagawia vijana karatasi za kuandika kila wanapodhani filamu inatia chumvi. Wadogo watafika saa kumi jioni na kutazama hadi sehemu ya mti. Nimechukua ushauri wa Mama Ng'apa, na wazazi wao nitawaarifu kuhusu simu ili hofu ya Mwenye Banda isitimie. Wakubwa watamalizia baada ya magharibi. Kipande cha meli cha mwaka 1997 tutakitazama siku nyingine, baada ya kurudi kutoka Tendaguru, kwa kuwa nadhani kitawauma zaidi wakishaona mahali penyewe. Ile ya mwaka 2025 nitawaachia waitafute wenyewe wakipenda, na hilo najua watalifanya bila kuambiwa.

Barua ya halmashauri naipeleka Jumatatu. Bint Shangani, kama utakuwa bado hujarudi chuoni, ningeomba uje siku hiyo usahihishe karatasi zao. Nauli ya Mtwara hadi Lindi kikundi kitalipa. Mwenye Banda, spika za kukodi zenye kishindo cha kutosha zinapatikana wapi hapa Lindi, au niagize kwako?

Mwenye Banda Magomeni

Usikodi. Nitampa kondakta wa basi la asubuhi spika mbili na waya wake, wewe uwapokee stendi. Zirudishe Jumapili kabla ya mechi ya jioni.